Eneo la wazi la mtaa wanataka likatwe viwanja hela ijenge madarasa, kihesabu hii imekaaje?

Mjumbe_Mpya (Mtwara)

Wakuu salaam, wakubwa zangu shikamooni. Naombeni akili zenu manake mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa, kazi yenyewe bado naijifunza, na kuna jambo limenikaa kooni.

Mtaani kwetu hapa Mtwara mjini (mtaa siutaji, humu tunajuana) kuna eneo la wazi lipo toka sisi wadogo. Nimelipima kwa hatua lina kama mita mia kwa sitini hivi. Magoli ni boriti za mikoko, juu huku kuna mwembe mkubwa na mikorosho miwili imeshazeeka, kiangazi akina mama wanaanika makopa (mihogo ya kukausha) kwenye mikeka asubuhi na ikifika saa kumi wanaanua haraka haraka kabla vijana wa chandimu hawajaanza kurusha mpira juu ya chakula cha watu. Msiba ukitokea turubai ni pale, Idi pale, likizo za shule ngoma za unyago pale pale. Upande wa chini mvua zikikolea maji yanasimama siku kadhaa afu yanazama yenyewe.

Sasa kwenye kikao mwenzetu mmoja akaleta hoja, na kusema kweli aliijenga vizuri. Kasema shule ya msingi jirani watoto wamebanana, madarasa hayatoshi, na sisi tuna eneo limekaa tu haliingizi hata senti, majani yakiota tunachangishana kufyeka, kona moja imeshageuka jalala, tuiombe manispaa ilipime likatwe viwanja viuzwe hela ijenge madarasa. Watu wakapiga makofi. Mimi roho inakataa ila hoja ya hela sina, nikisema watoto watacheza wapi naambiwa kwanza wasome.

Swali langu ndo hilo, kuna hesabu yoyote ya kumwonyesha mtu kwamba eneo la wazi lina faida kwa mji usio na hela kama wetu, au nikubali yaishe?


KoroshoGhafi

Uzeni bana. Mtwara hii unazungumzia uhaba wa eneo la wazi? Mji mzima uko wazi! Toka Shangani mpaka Mangamba ni mapori kati kati ya nyumba, nyoka wanapishana na bodaboda. Watoto wa hapa hawakosi pa kuchezea, wanakosa dawati. Na hao wanaotetea viwanja vya mpira ukiwafuatilia wengi watoto wao wako inglishi midiamu.


FundiBikoni

Korosho umenichekesha ila hayo mapori unayoyaona siyo ya wazi, yana wenyewe. Kile kipindi cha gesi, 2012, 2013, watu walikuja toka Dar na kwingine wakanunua, wakasimamisha nguzo nne na seng'enge wakaondoka zao. Wengine hawajarudi mpaka leo, lakini siku mtu akirudi na lori lake la mchanga hutomwambia kwamba watoto wamezoea kucheza hapo. Ukiangalia kwa macho mji uko wazi, ukienda kuangalia mchoro umejaa.

Mjumbe, mimi ni mpima, ngoja nikupe hesabu ya kawaida kabisa, bei ni ya mfano, badilisha uweke ya mtaani kwenu. Mia kwa sitini ni mita za mraba 6,000. Huwezi kuuza zote, lazima utoe barabara za kuingilia na mfereji, tuseme asilimia 30 inaenda huko, unabaki na 4,200. Ukikata viwanja vya skwea (mita za mraba) 600 unapata saba. Saba tu. Sasa tuseme skwea moja ni shilingi 10,000, kila kiwanja ni milioni 6, jumla milioni 42. Yale madarasa ya hela za UVIKO ya 2021 serikali ilijenga kwa milioni 20 darasa moja, na bei ya saruji na nondo ya leo unaijua. Kwa hiyo eneo lote la mtaa, mwembe, msiba, Idi, unyago na makopa, umepata madarasa mawili na chenji ya madawati. Na hapo sijatoa gharama za kupima, kuandaa mchoro na kuweka bikoni (alama za mipaka), ambazo hukatwa kwanza.


KoroshoGhafi

10,000 umeweka ya huruma. Weka 20,000 uone.


FundiBikoni

Nimeweka. Milioni 84, madarasa manne. Mwaka wa tatu watoto wameongezeka, shule inataka mengine manne, mnauza nini? Nyumba ya mwenyekiti?


Mama_Makopa

Mimi niseme kidogo tu kaka zangu. Hilo la "haliingizi hata senti" ni kwa sababu anayehesabu hajawahi kuanika. Kilo moja ya makopa inauzwa, na makopa hayakauki ndani. Nyumba za kupanga siku hizi uwa wenyewe ni hatua mbili na ndoo za watu zimejaa. Mimi na wenzangu tukinyang'anywa pale tutaanika barabarani bajaji zitupitie. Na shughuli pia, mnajua ukumbi unakodishwaje? Mtu wa kawaida akifiwa au akimtoa mwali atakodi ukumbi kwa hela gani? Hizo hela ambazo mtaa mzima hauzitoi kwa mwaka mzima ndo faida ya hilo eneo, ila kwa vile haina risiti mnasema haipo.


Mstaafu_Ligula

Mjumbe mwanangu hujambo. Nimefanya kazi ya uhasibu serikali za mitaa miaka mingi nikastaafu, kwa hiyo nitasema ya vitabu.

Kwanza ujue mji wenu ulivyozaliwa, manake hapa ndo siri ya bei ilipo. Mtwara ya leo ilichorwa na Waingereza baada ya vita ya pili kwa ajili ya ule mradi wa karanga, Nachingwea ilime, reli ilete, bandari ipakie. Wakachora mji mpana, mabarabara mapana, nafasi kila mahali, wakitegemea watu wengi sana. Karanga zikafeli mapema, mradi ukafungwa 1951, reli nayo ikang'olewa miaka ya 60 mwanzoni, watu hawakuja kwa kasi ile, lakini mchoro ulibaki. Kwa hiyo maeneo ya wazi mliyonayo mmeyarithi bure. Miji mingine inapambana kununua ardhi ya kufanya bustani, nyie mnayo, gharama yenu siyo ya kununua ni ya kulinda tu, na kulinda ni rahisi kuliko kununua mara nyingi sana. Sensa ya 2022 manispaa ilikuwa imeshapita watu laki moja na arobaini elfu, kutoka laki na nane hivi mwaka 2012. Watu sasa ndo wanakuja. Ukiuza leo umeuza wakati kitu kinaanza kuwa na thamani.

La pili. Kuuza kiwanja ni mapato ya mara moja, nyumba itakayojengwa ni matumizi ya kila mwaka. Wengi wanasema nyumba zikijengwa mji utapata kodi. Kodi ya jengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), 1,500 kwa mwezi nyumba ya kawaida, mwaka 18,000. Nyumba saba za kwenye hesabu ya Fundi ni 126,000 kwa mwaka, na hiyo haiingii moja kwa moja kwenye mfuko wa manispaa. Kodi ya pango la ardhi ni ya wizara. Sasa hizo nyumba saba zinataka barabara ichongwe, mfereji uzibuliwe, taka zizolewe. Greda likiwashwa siku moja tu mafuta yake yameshapita hiyo laki na ishirini na sita.

La tatu na ni la uchungu kidogo, hela ya kiwanja ikishauzwa haiji mtaani. Inaingia akaunti ya halmashauri, inapangiwa bajeti, inapita baraza la madiwani. Hakuna sheria inayosema hela ya kiwanja chenu lazima ijenge darasa lenu. Inaweza kwenda huko, inaweza isiende, na hakuna aliyeiba.


Mjumbe_Mpya (Mtwara)

Shikamoo mzee. Hiyo ya tatu sikuwa naijua na nadhani wengi waliopiga makofi hawaijui. Ila mzee gharama ya kulinda na yenyewe ipo, jalala lile ni aibu, na usiku kuna vijana wanakaa kule sio wazuri. Nikisema libaki wataniuliza nani atafyeka.


Mstaafu_Ligula

Marahaba. Hilo ni swali la haki kabisa na ukilikwepa utashindwa. Eneo la wazi lisilo na mtu wa kuliangalia linageuka pori, pori linageuka jalala, jalala likishakuwa jalala kila mtu anaona afadhali liuzwe. Ndivyo mengi yanavyokufa, yanaachwa yachakae mpaka wenyewe mnachoka nayo. Kuna mtu ameshaanza kusogeza uzio?


Mjumbe_Mpya (Mtwara)

Uzio hapana. Ila kuna jirani mmoja anafyatua tofali pembeni pale karibu na jalala, kila mwaka zinasogea kidogo.


Mmwera_wa_Rasbura

Nawasalimu toka Lindi. Sisi huku wenzenu mji wa zamani umebanwa kati ya kilima na bahari, hatukuchorewa na mtu wa karanga, kwa hiyo nafasi ni za kuhesabu na zikienda zimeenda. Niongeze moja tu kuhusu kuuza leo kununua kesho.

Serikali ikitaka ardhi ya mtu lazima ilipe fidia, na fidia siyo bei ya kiwanja peke yake, kuna thamani ya ardhi yenyewe, kuna jengo, mazao na miti, kuna posho ya usumbufu, posho ya makazi, usafiri, na kama ana biashara kuna faida aliyopoteza. Huku Likong'o mnajua, watu wamepisha eneo la mradi wa gesi asilia, wote tumeona zoezi linavyokuwa refu, tathmini, malalamiko, miaka inapita. Sasa fikiria mtaa wenu baada ya miaka ishirini unataka eneo la zahanati. Mlikuwa nalo bure, mkaliuza milioni 6 kiwanja, sasa mnakwenda kufidia ghorofa.

Na Dar ndo mfano mkubwa zaidi, bonde la Msimbazi. Jangwani lilikuwa bonde la maji toka enzi na enzi, watu wakajenga, mafuriko kila mwaka, sasa kuna mradi wa dola milioni 260, mkopo wa Benki ya Dunia na Hispania na msaada wa Uholanzi, sehemu ya hela ni kuwalipa watu wahame ili bonde lirudi kuwa bonde na lifanywe bustani. Dola milioni 260 ndugu zangu. Za kurudisha wazi kitu ambacho kilikuwa wazi.


KoroshoGhafi

Msimbazi ni mto mkubwa mkuu usitutishe. Hapa tunazungumzia kiwanja cha chandimu.


FundiBikoni

Si tumeambiwa upande wa chini maji yanasimama? Nipige hiyo nayo. Milimita moja ya mvua kwenye skwea moja ni lita moja ya maji, hiyo ni hesabu ya darasa la saba. Mvua nzito ya siku moja tuseme imeshuka milimita 50, na sisi Kusini huku mvua zetu ni msimu mmoja, zinakuja kwa fujo. Mara 6,000 ni lita laki tatu. Boza la lita elfu kumi ni maboza 30. Saa hizi hayo maji yanaingia mchangani, mchanga wa pwani unakunywa vizuri tu. Weka mapaa saba ya bati, saruji kwenye uwa na ukuta wa kuzunguka, karibu maboza yote hayo yanatafuta njia, na njia yenyewe ni kwa jirani wa bondeni. Mfereji wa zege wa kuyabeba mpaka baharini ni hela ya serikali kuu au ya wafadhili, mtaa hamuiwezi.

Hii hoja Mjumbe ndo ya kwenda nayo mkutanoni, manake wanaokaa upande wa chini watakuunga mkono hata kama mpira hawaupendi. Waulize tu, maji yataenda kwa nani?


PlanaMkimya

Nimesoma mipango miji pale Chuo Kikuu Ardhi, naona uzi mzuri niseme kidogo kuhusu wenzetu wa nje walifanyaje, ila mchukue kwa akili siyo kwa kunakili.

Marekani kuna taasisi ya kulinda mashamba inaitwa American Farmland Trust, toka miaka ya 80 wanafanya hesabu kwenye halmashauri moja moja, kila dola moja ya kodi inayoingia toka nyumba za kuishi, toka biashara na toka mashamba na maeneo ya wazi, halmashauri inarudisha kiasi gani kwa huduma. Karibu kila sehemu nyumba za kuishi zinakula zaidi ya dola moja kwa kila dola inayoleta, wastani wa kati ni dola 1.16 hivi, na mashamba na maeneo ya wazi yanakula senti thelathini na kitu. Yaani yanaleta kidogo lakini yanadai kidogo zaidi. Sasa tahadhari, kule halmashauri ndo inabeba sehemu kubwa ya mzigo wa shule kwa kodi ya majengo, hapa walimu wanalipwa na serikali kuu, kwa hiyo ukienda na hizo namba kwenye mkutano mtu mjanja atakukamata. Chukua wazo, hesabu ya mzee Mstaafu ya LUKU inatosha kabisa na ni ya hapa hapa.

Mji wa Boulder, Colorado, mwaka 1967 wananchi wenyewe walipiga kura wajiongezee kodi ya mauzo, asilimia 0.4, inunue na kulinda ardhi ya wazi kuzunguka mji. Ulikuwa wa kwanza kule Marekani kujitoza kwa ajili hiyo. Wale walikuwa wanainunua. Nyie mnayo bure, mzee ameshasema.

Lakini mfano wangu mimi ni Curitiba, Brazil, manake hawa walikuwa na shida kama zetu, mafuriko na hela hakuna. Badala ya kujenga mifereji ya zege kila mahali wakaacha mabonde ya mito yawe bustani, ile ya Barigui ni ya 1972, mvua zikija inajaa maji, zikiisha watu wanarudi kutembea. Na majani? Mashine za kukata zina gharama, mafuta, vipuri, wakaingiza kondoo. Kondoo wa manispaa, wana mchungaji wao, wakawa wanakula majani.


KoroshoGhafi

Hahaha mbuzi tunao wengi wanazurura mpaka Mikindani, hatuna haja ya Brazil. Ila nakubali hiyo ya maji na ya hela kwenda akaunti nyingine imenigusa. Bado nasema kuna maeneo ya wazi ya kijinga, vipembe vipembe kati kati ya nyumba mbili, upana mita nane, hakuna anayecheza hapo, ni choo cha mbwa tu. Hivo vyote mnataka vilindwe?


PlanaMkimya

Hapana, na hapa nakubaliana na wewe kabisa. Mji usio na hela ukitaka kulinda kila kipembe hautalinda hata kimoja. Ningekuwa mimi ningeshikilia yanayopokea maji, yaliyo pembeni ya bahari na mikoko (sheria ya mazingira ya 2004 yenyewe imeshakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka bahari kwa hiyo huko unalindwa na sheria tayari ukiamua kuitumia), na yale makubwa yanayotumiwa kila siku na watu wengi kama hili la Mjumbe. Vipembe, apewe jirani apande bustani kwa mkataba wa muda, au vifanyiwe utaratibu wa kubadili matumizi na hiyo hela ndo ilinde makubwa. Kuna wenzangu wa fani watanirushia mawe kwa hili lakini ndo ukweli, bajeti ni kuchagua.


Mjumbe_Mpya (Mtwara)

Asanteni sana, nimeshaanza kuwa na maneno. Sasa ile ya nani atafyeka, mtu mmoja kaniambia tuweke vibanda viwili vitatu, juisi na chipsi, walipe ushuru tulipie kufyeka. Inawezekana?


Bint_Forodhani

Mimi niko Unguja kikazi ila kwetu ni Mikindani. Forodhani hapa ndo hivyo hivyo, bustani ya umma ufukweni, jioni wachoma mishikaki na urojo wanajaa, watu kutoka kila nchi. Ilikuwa imechakaa, Aga Khan Trust wakaifanyia ukarabati ikafunguliwa upya 2009. Nachotaka kusema ni kwamba wafanyabiashara ndo wanafanya pasiogopeshe usiku. Penye taa na mtu anauza chipsi wale vijana wako wasio wazuri wanahama wenyewe, wanapenda giza.

Karura ya Nairobi vilevile, msitu wa zaidi ya hekta elfu moja ndani ya mji, miaka ya 90 mwishoni ulikuwa unagawiwa wakubwa, Wangari Maathai na wenzake wakapigwa pale 1999 kwa kuutetea. Hata ulipookolewa watu walikuwa wanaogopa kuingia. Wakaweka uzio, wakaweka walinzi na kiingilio, sasa watu wanakwenda kukimbia asubuhi na familia wikendi. Uzio na kiingilio kwa chandimu sishauri hata kidogo, mtoto wa mtaani hana hela ya kiingilio, ila la mlinzi lichukue.


Mstaafu_Ligula

Vibanda inawezekana lakini sikiliza vizuri hapa. Mtaa hauna ruhusa ya kukusanya ushuru ukaweka mfukoni kwa mwenyekiti hata kama nia ni njema. Mapato ya halmashauri yanapita kwenye kontro namba na mashine ya posi, ukikusanya nje ya hapo siku ya ukaguzi ni kesi. Njia iliyo nyooka, kikundi cha vijana au cha akina mama hapo mtaani kisajiliwe kwa afisa maendeleo ya jamii, kiombe manispaa makubaliano ya kulitunza eneo, kazi yao kufyeka, kuondoa taka, kuwasha taa, na wao waruhusiwe kibanda au viwili pembeni, walipe ushuru wao halali kama kawaida. Faida ya kibanda ndo mshahara wao. Na hicho kikundi kinaweza kuomba ule mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, hauna riba. Vibanda viwe viwili, vya kuhamishika, na viandikwe kwenye makubaliano ni viwili. Ukiruhusu bila idadi mwaka wa tano utakuta soko na uwanja haupo, umejiuza wenyewe bila hata hayo madarasa.

Mikorosho yenu miwili nayo ihesabuni, anayeokota saa hizi nani?


Mjumbe_Mpya (Mtwara)

Anayewahi mzee 😂 Mama_Makopa labda anajua.


Mama_Makopa

Msiniulize mimi. Ila hicho kikundi kikiwa cha akina mama sisi tayari tuna chama cha kuweka na kukopa, tupo na katiba, tukiambiwa eneo ni letu kulitunza hilo jalala hata mwezi halimalizi. Tatizo tunasafisha leo kesho mtu anatoka na toroli yake la taka usiku.


FundiBikoni

Nimalizie la kiufundi maana hapa ndo wengi wanaanguka. Mjumbe kabla ya yote nenda ofisi ya ardhi ya manispaa uombe kuona mchoro wa mipango miji wa mtaa wenu, uangalie lile eneo limeandikwa matumizi gani. Ukikuta limechorwa eneo la wazi au la michezo umeshinda nusu, manake kulikata viwanja ni kubadili matumizi ya ardhi na huo mchakato una hatua zake, lazima umma utangaziwe na watu wapewe nafasi ya kupinga, halimalizwi na kamati ya mtaa kupiga makofi. Kamati yenu inaweza kupendekeza tu, haigawi kiwanja. Chukua namba ya mchoro uiandike kwenye muhtasari wa kikao.

Ukikuta halijachorwa kitu, hapo ndo kuna hatari na ndo uwahi zaidi, muombe kwa maandishi kupitia kamati ya maendeleo ya kata, na diwani alijue, lipangiwe matumizi, lipimwe kama eneo la umma na liwekwe bikoni. Gharama ya kupima kipande kimoja chenye kona nne ni ndogo sana ukilinganisha na kupima viwanja saba vyenye barabara, hata ukichangisha mtaa inaweza kufika, kona nne ni bikoni nne. Na maeneo ya umma mengi hayana hati, hilo nalo liombeni, mmiliki awe halmashauri, matumizi yaandikwe humo humo.

Hoja ya madarasa usiipige teke mkutanoni, mtoto kukaa chini ni kweli na yule mwenzako hana nia mbaya. Mwambie iende kwenye bajeti ya kata kwa njia yake, muwe naye pamoja kwenye hiyo.


Mjumbe_Mpya (Mtwara)

Nimekupata kaka. Ofisi ya ardhi nakwenda Jumatatu asubuhi. Na yule wa tofali nimfanyeje, ni mtu mzima, tunasalimiana msikitini, sitaki ugomvi.


FundiBikoni

Usimwambie kitu mpaka uwe umeona mchoro. Afu siku ya kupima mualike asimame na wewe kwenye kona, bikoni ichimbiwe yeye akiona. Mpima apime kutoka kwenye alama za mchoro, asipime kutoka zilipoishia tofali zake.